Seva Inapogoma Kuandika

Dalili zake huchanganya kwa sababu nusu ya seva huendelea kufanya kazi. Ukiipima kwa ping inaitika. Kurasa za tovuti zinafunguka, picha zinaonekana, na mtumiaji aliyeingia tangu asubuhi anaendelea kuvinjari bila wasiwasi. Ila kila anayebonyeza kitufe cha kulipa, kusajili au kutuma anarudishiwa hitilafu. Fundi anaingia kwa SSH, anajaribu kuunda faili moja tupu, na kerneli inamjibu kwamba mfumo wa mafaili ni wa kusoma tu. Hakuna aliyegusa mpangilio wowote. Jana usiku ulikuwa ukiandikika, leo umegoma.

Dakika hizo simu hazinyamazi, na mkono wa fundi huvutwa kwenye mambo mawili: kuamuru mfumo ukubali kuandikwa tena, au kuizima seva na kuiwasha upya. Lolote kati ya hayo laweza kurudisha huduma. Lolote kati ya hayo, likitangulizwa, laweza pia kugeuza hitilafu ndogo ya diski kuwa hasara ya data isiyorudishika. Kugoma huku ni kinga iliyopangwa ndani ya kerneli na watu waliojua walichokuwa wakikilinda. Kwa hiyo kabla ya kuiondoa kinga hiyo kuna maswali mawili yanayostahili majibu: ni kitu gani chini ya mfumo kilichoshindwa, na ni data gani zilizokuwa zimekwisha kupotea kabla mfumo haujagoma? Swali la pili husahaulika zaidi, nalo ndilo zito.

Tuanze na kinga yenyewe. Diski hubeba vitu vya aina mbili: yaliyomo ndani ya mafaili, na taarifa zinazoyaeleza, yaani majina, saraka, ruhusa, na ramani ya bloku ambamo kila faili limekaa. Ramani ikivurugika, bloku moja inaweza kudaiwa na mafaili mawili, na kila neno jipya la faili hili likafuta neno la lile. Ndiyo maana tangu ext3 ilipoingia kwenye Linux mwaka 2001, mabadiliko ya ramani huandikwa kwanza kwenye daftari maalumu, ndipo yapelekwe mahali pake. Umeme ukikatika katikati, daftari husomwa upya, na kazi iliyokatizwa hukamilishwa yote au hutupwa yote. Mfumo wa ext4, uliotangazwa kuwa tayari kwa matumizi mwaka 2008, uliurithi utaratibu huo. Sasa daftari lenyewe likikataa kuandikika, ahadi yote imevunjika. Kerneli hulifunga daftari na kuugeuza mfumo kuwa wa kusoma tu.

Njia ya pili ya kufikia hapo ni kerneli kukuta ramani ina kasoro: saraka inayotaja faili lililokwisha kufutwa, kwa mfano, au hesabu ya uhakiki isiyolingana na bloku yake. Hapa msimamizi ana hiari tatu, anazoweza kuziweka kwa amri ya tune2fs au ndani ya /etc/fstab: mfumo uendelee kuandika, ugeuke wa kusoma tu, au kerneli nzima isimame. Kisakinishi cha Debian huupa mfumo mkuu hiari ya pili. Lakini ext4 iliyoundwa kwa mkono bila kutaja lolote hupewa hiari ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba diski ya data, ile iliyoongezwa miezi kadhaa baadaye na yenye mali halisi ya kampuni, mara nyingi ina sera legevu kuliko diski ya mfumo wa uendeshaji. Jambo hilo hukaguliwa kwa amri moja, tune2fs -l, na sioni sababu ya kulisubirisha hadi siku ya msiba.

XFS, ambayo Red Hat Enterprise Linux inaitumia kama chaguo-msingi tangu toleo la 7 la mwaka 2014, haina hali hiyo ya kati. Hujifunga kabisa, na programu zinazoomba kusoma au kuandika hurudishiwa hitilafu ya I/O mpaka mfumo uondolewe na kupachikwa upya. Btrfs hugeuka wa kusoma tu kwa lazima. Kwa hiyo fundi asisubiri ujumbe wa aina moja: hitilafu namba 30 kwenye ext4 na hitilafu namba 5 kwenye XFS zinaweza kuwa zimetokana na waya uleule uliolegea.

Ukali huu haukuja bure. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, akiwamo Vijayan Prabhakaran, walipenyeza hitilafu za makusudi chini ya mifumo kadhaa ya mafaili ili kuona kila mmoja ungefanya nini diski ikishindwa kwa sehemu tu. Waligundua kwamba ext3 ya wakati ule mara nyingi ilipuuza maandishi yaliyoshindwa, wakati ReiserFS iliisimamisha mashine nzima kwa karibu kila kosa la kuandika. Tabia ya sasa ya ext4 imekaa katikati ya pande hizo mbili. Kwa seva iliyo peke yake naiona kuwa sahihi. Ila ina upungufu mmoja ambao ni lazima ueleweke vizuri.

Kufuli hilo hufungwa kwa kuchelewa. Programu inapoandika, data huenda kwanza kwenye RAM, na programu huambiwa papo hapo kwamba kazi imekwisha. Safari ya kwenda kwenye diski hufuata baadaye, pengine baada ya sekunde 30. Diski ikikataa bloku ya data ya mtumiaji, ext4 kwa mpangilio wake wa kawaida haigomi. Huandika onyo kwenye logi kwamba ukurasa umepotea, kisha huendelea na shughuli. Kinachoifanya igome ni kushindwa kwa ramani au daftari. Basi mfumo uliogoma saa nane usiku usidhaniwe kuwa ulikuwa mzima hadi saa saba na dakika hamsini na tisa. Huenda ulikuwa ukimwaga data za wateja tangu saa tatu, kimyakimya, na kilichotokea saa nane ni kwamba sekta mbovu zilifika kwenye daftari.

Ubaya wa jambo hili ulijitokeza hadharani mwaka 2018, pale Craig Ringer wa jumuiya ya PostgreSQL alipoeleza kilichokuwa kikitokea hifadhidata hiyo inapoomba uthibitisho kwamba data zimefika diskini. Ombi la fsync likishindwa mara ya kwanza, kerneli ilirudisha hitilafu kama ipasavyo. Lakini ilikuwa imekwisha kuziweka alama kurasa hizo kana kwamba ni safi. PostgreSQL ilipoomba tena, ilijibiwa kwamba kila kitu ki salama. Hifadhidata iliamini, ikaendelea, ikatupa kumbukumbu ambazo zingeweza kuzirudisha data hizo. Matoleo ya Februari 2019 yalibadilisha tabia hiyo: fsync ikishindwa, PostgreSQL hujiangusha yenyewe, kisha hujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za mabadiliko. Mwaka 2020 watafiti wa Wisconsin walirudi tena uwanjani wakazichunguza Redis, LMDB, LevelDB, SQLite na PostgreSQL, na hawakukuta hata moja yenye mkakati unaotosha dhidi ya kushindwa huko.

Hapa ndipo palipo na hoja nzito kuliko zote dhidi ya kuwasha upya kwa haraka. Mfumo ukiwa umegoma lakini seva ingali hai, RAM inaweza kuwa na nakala mpya zaidi ya faili kuliko diski. Ukilisoma faili hilo sasa, unapata maandishi ya leo. Ukizima na kuwasha, unapata ya jana, au ya juzi, au mchanganyiko wa yote. Kwa hiyo kitendo cha kwanza kabisa, hata kabla ya uchunguzi, ni kunakili mafaili muhimu kupitia mtandao kwenda mashine nyingine, na kuyahifadhi mbali na nakala rudufu za kawaida ili yasizifute. Ni dakika chache za kazi. Mkubwa wa idara akiuliza kwa nini seva haijarudi bado, aambiwe hivyohivyo: bado tunaokoa ambacho hakipo mahali pengine popote.

Ushahidi nao umo humohumo ndani ya RAM. Mfumo mkuu ukigoma, hata logi haziwezi kuandikwa, kwa maana /var/log mara nyingi imekaa juu ya diski ileile. Mistari inayoeleza mwanzo wa tatizo hubaki kwenye kumbukumbu ya kerneli peke yake, na huonekana kwa amri ya dmesg. Itumwe nje kupitia SSH ikiwa nzima. Ext4 pia hujaribu kutunza kwenye bloku yake kuu idadi ya makosa, saa ya kosa la kwanza na la mwisho, pamoja na jina la kazi ya kerneli iliyolikuta kosa hilo; dumpe2fs -h huyaonyesha yote. Tahadhari ni moja: diski iliyokataa kuandika daftari huenda ilikataa kuandika na taarifa hizo. Kutokuwapo kwa kosa katika orodha hiyo hakuthibitishi kwamba halikutokea.

Wengi wakiifungua dmesg huanza na mstari wa mwisho, ule unaosema mfumo umegeuzwa wa kusoma tu. Huo ni matokeo. Panda juu, pita malalamiko ya ext4, pita kufungwa kwa daftari, mpaka ufike kwa mlalamikaji wa kwanza kutoka tabaka la chini. Yeye ndiye mwenye habari.

Akisema kuna sekta isiyosomeka, tatizo li ndani ya diski. Endesha smartctl uangalie kipengele cha 5, ambacho huhesabu sekta zilizohamishwa, cha 197, zinazosubiri uamuzi, na cha 198, zilizoshindikana kabisa. Namba ikiwa inapanda, diski haifai tena hata kama leo inafanya kazi. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliotazama zaidi ya diski laki moja, uliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza katika kujikagua uso, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Lakini utafiti uohuo ulikuta zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa na ishara yoyote ya SMART, ukiacha joto. Ripoti safi haimpi fundi ruhusa ya kuitangaza diski kuwa nzima.

Ikiwa kinachopanda ni kipengele cha 199, hesabu ya makosa ya CRC, basi data zinaharibikia njiani kati ya diski na ubao. Badilisha kebo, badilisha nafasi kwenye kontrola, kisha tazama kama namba imesimama. Namba hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo linaloangaliwa ni ongezeko. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa sababu ya kebo, nako ni kupoteza fedha ambazo ofisi nyingi hazina.

Kuna kundi kubwa la migomo ambamo hakuna kilichoharibika kabisa. Kilichotokea ni tabaka mbili kutokubaliana kuhusu muda. Kwa kawaida kerneli ya Linux huipa diski ya SCSI au SATA sekunde 30 kujibu ombi. Diski za kompyuta za mezani, zikikuta sekta ngumu, huweza kung’ang’ania kuisoma kwa zaidi ya muda huo, wakati zilizotengenezwa kwa ajili ya seva hukata tamaa baada ya sekunde kama 7 na kuiachia RAID ijaze pengo. Ofisi inayonunua diski za bei nafuu na kuzifunga kwenye RAID hujikuta na diski inayofukuzwa kundini kwa kosa la kuchelewa, kisha ya pili, kisha mfumo wa juu unagoma. Baadhi ya diski hizo hukubali kuwekewa kikomo kwa smartctl. Zisizokubali, ongeza muda wa kerneli ndani ya /sys/block uvuke ule wa diski.

Mashine pepe zina toleo lao la shida hiyohiyo. Hifadhi ya pamoja ikihamisha njia kutoka kontrola moja kwenda nyingine, au ikielemewa na kazi ya kunakili usiku, mashine kadhaa huweza kugoma kwa pamoja ndani ya dakika moja. Ukiona hivyo, acha kuzichunguza moja moja. Nenda kwa mwenye hifadhi. VMware Tools hupandisha muda wa kusubiri hadi sekunde 180 kwa sababu hiyo, na AWS huwashauri wateja wake kuuweka muda wa diski za NVMe kwenye kiwango cha juu kabisa kinachokubalika. Kuna pia hifadhi zilizoahidi nafasi kubwa kuliko zilizo nayo kwa kweli: bwawa likijaa, LVM husubiri sekunde 60 kwa kawaida, kisha huanza kurudisha makosa. Mashine iliyo juu huona diski yenye nafasi tele inayokataa kuandika, na df ndani yake haitakwambia lolote la maana.

SSD zina kufa kwao. Nyingine hufikia mwisho wa maisha na kujigeuza za kusoma tu kwa hiari yake, na ripoti ya NVMe ina alama maalumu ya kulitangaza hilo. Basi ishukuru, nakili, badilisha. Kadi za SD kwenye kompyuta ndogo hufanya vivyo hivyo bila kutangaza. SSD nyingine huangushwa na femwea: Novemba 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake zingekufa kabisa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka mitatu na miezi karibu tisa, kama hazikusasishwa. Diski za RAID moja huwashwa siku moja, kwa hiyo zingekufa kwa saa zilizokaribiana, na RAID isingeokoa kitu. Tangu hapo sina imani na kundi la diski zilizotoka kwenye boksi moja.

Katika ofisi zetu nyingi Afrika Mashariki, mshukiwa wa kwanza ni umeme. Kukatika pekee daftari hukumudu. Balaa ni diski inayodai imeandika ilhali data zingali kwenye kashe yake, au kadi ya RAID ambayo betri yake ilikwisha kufa na bado imelazimishwa kutumia kashe ya kuandika. Hapo mpangilio wa daftari huvurugwa, ramani hubaki na kasoro, na mgomo huja siku kadhaa baadaye, saraka iliyoharibika itakapoguswa. Fundi hutafuta kosa la Alhamisi, kumbe ni la Jumatatu jenereta ilipochelewa kuwaka. Betri ya kadi ya RAID iwe kwenye orodha ya ukaguzi pamoja na UPS na jenereta.

Chanzo kikishajulikana, ndipo matengenezo yaanze, na mpangilio wake una maana. Diski yenye sekta mbovu haitengenezwi kwa fsck wala kwa matumaini. Huchukuliwa taswira yake nzima kwa ddrescue kwenda diski nyingine, na matengenezo hufanyika juu ya taswira. Fsck ni chombo cha kurudisha ulinganifu wa ramani, na kwa ajili ya ulinganifu huo kiko tayari kukata majina na kuyatupa mafaili kwenye lost+found. Kikiendeshwa juu ya diski inayokufa, kinaandika uamuzi wake juu ya sekta zisizoaminika. Kikiendeshwa juu ya mfumo uliopachikwa kwa kuandika, uharibifu ni karibu hakika. Anza na e2fsck -n, inayotazama bila kugusa, usome ukubwa wa tatizo. Kwa XFS, upachike mfumo kwanza ili daftari lake lisomwe. Xfs_repair yenye -L hulifuta daftari hilo, na iwe hatua ya mwisho baada ya zote.

Mfumo ukishapita fsck, ramani ndiyo iliyopita. Yaliyomo hayajakaguliwa. Hifadhidata ihakikiwe kwa zana zake yenyewe, miamala ya saa zile za shaka ilinganishwe na rekodi za upande wa pili, iwe benki au mtandao wa simu, na pale isipolingana irudishwe kutoka nakala rudufu. Meneja ataona hiyo ni kazi ya kupita kiasi kwa kuwa tovuti imekwisha kufunguka. Mteja aliyelipa na malipo yake hayaonekani hataona hivyo.

Ufuatiliaji wetu, kwa jumla, umejengwa kwa ajili ya seva iliyokufa na si kwa hii iliyo nusu hai. Kipimo cha kufaa ni kidogo: kila dakika, kwenye kila mfumo wa mafaili, andika faili dogo, omba fsync, lisome, na piga kengele ikishindikana. Wanaotumia Prometheus wanacho tayari kipimo kinachosema kama mfumo ni wa kusoma tu, ila hakitashika maandishi yaliyopotea kabla ya mgomo; kwa hayo ni lazima mistari ya makosa ya kerneli ipelekwe kwenye seva nyingine ya logi papo hapo.

Palipobaki pa kuamua ni ile hiari ya tatu, ya kuisimamisha kerneli. Kwa seva iliyo peke yake siipendekezi, kwa sababu huua RAM pamoja na vyote vilivyomo. Kwa seva iliyo ndani ya kundi la hifadhidata lenye nakala hai mahali pengine, nadhani ndiyo bora. Kiongozi wa kundi aliyegoma kuandika lakini anaendelea kuitika kila akipimwa huwazuia wenzake kuchukua nafasi yake, na kila dakika inayopita ni dakika ya maombi yanayokataliwa. Huyo asimame kabisa. Iwekwe hiari ya tatu kwenye diski yake ya data, kernel.panic ibaki sifuri ili asijiwashe tena juu ya diski asiyoijua hali yake, na netconsole iwe imekwisha kupeleka maneno yake ya mwisho kwenye mashine iliyo hai.